Kutoiona chembe ya maada ya giza si kushindwa

Mhariri,

Ninaandika kupinga kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno, redioni na katika vyumba vya walimu, kwamba wanasayansi wanaotafuta chembe za maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ambayo uzito wake huzishikilia galaksi, kwa vigunduzi vilivyogandishwa chini ya ardhi wamemaliza miongo kadhaa na pesa nyingi bila kupata chochote, na kwamba huo ni ushahidi tosha wa kushindwa kwao. Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika shule ya upili hapa Nakuru. Kauli hiyo inaniuma kwa sababu inapotosha maana ya utafiti wenyewe, na kwa sababu wanafunzi wetu huipokea kama ilivyo na kukua nayo.

Kwanza nieleze kwa nini kuna kitu cha kutafutwa. Mwaka 1933, Fritz Zwicky, mtaalamu wa falaki wa Uswisi aliyefanya kazi California, alichunguza kasi ya galaksi zilizo katika kundi la Coma akaona kwamba zinakwenda mbio kiasi kwamba uzito wa nyota zinazoonekana haungeweza kuzizuia zisitawanyike. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda vilivyoonyesha kwamba sehemu zake za pembezoni hazipungui kasi kama ambavyo zingepaswa kupungua iwapo maada yote ni ile inayong'aa. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, na vipimo vyake vilibainisha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya moto mkali inayotoa eksirei. Gesi yenye joto la namna hiyo ingekuwa imekwisha kutoroka zamani kama pasingekuwa na uzito mwingine usioonekana unaoishikilia. Habari hii ilistahili kuwa midomoni mwa kila mwanafunzi wa Kenya, kwa kuwa sehemu ya ushahidi wa maada ya giza ilianzia katika maji yetu. Vipimo vya baadaye, vikiwemo vya setilaiti ya Planck, vinakadiria kwamba maada hiyo ni takriban mara tano ya maada yote ya kawaida, yaani nyota, sayari, gesi na miili yetu ikijumlishwa pamoja.

Galaksi yetu nayo imezama ndani ya maada hiyo. Makadirio yanayotumiwa na watafiti ni kwamba, mahali tulipo, kila sentimita moja ya ujazo ina maada ya giza yenye uzito wa karibu theluthi moja ya protoni. Ukizidisha kwa ujazo wa dunia nzima, unapata chini ya kilo moja. Hata hivyo kiasi hicho kidogo hakituami mahali pamoja, kwa maana jua linatuzungusha katika galaksi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, na ikiwa maada hiyo ni chembe, basi chembe hizo zinapita katika kuta zetu na katika miili yetu usiku na mchana bila kugusa kitu. Kazi ya kigunduzi ni kuingoja ile moja, kwa mwezi, kwa mwaka, au kwa miaka, itakayogonga kiini cha atomu.

Hapo ndipo baridi inapoingia. Vigunduzi ninavyovizungumzia ni fuwele, na katika fuwele yoyote atomu hutikisika kwa sababu ya joto; katika joto la kawaida mtikisiko huo ni mkubwa kupita kiasi; kutafuta ndani yake mgongano wa chembe moja ni kama kusikiliza punje ya mchanga ikidondoka juu ya paa la mabati wakati mvua ya Kakamega imeshika kasi. Kwa hiyo fuwele hupoozwa hadi sehemu chache za mia za nyuzi moja juu ya sifuri halisi, ambayo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya selsiasi. Anga tupu iliyo kati ya galaksi, yenye nyuzi 2.7 juu ya sifuri hiyo, ina joto kubwa kuliko fuwele hizo mara kadhaa ya kumi. Na utulivu si faida ya pekee. Mwaka 1912 Peter Debye alionyesha kwamba katika baridi kali uwezo wa fuwele kumeza joto hushuka kwa kipeo cha tatu, kwa maana kwamba ukipunguza joto mara kumi uwezo huo hupungua mara elfu moja. Nishati ileile ambayo isingeonekana kabisa katika fuwele iliyo mezani huipandisha fuwele iliyogandishwa joto kwa kiasi kinachopimika, ingawa kipimo chenyewe ni sehemu za milioni za nyuzi moja. Baridi hiyo hutengenezwa kwa kuchanganya aina mbili za heliamu, heliamu-3 na heliamu-4, katika mtambo ambao wazo lake lilitolewa na Heinz London, na ambao unaweza kuendelea kunyonya joto kwa miezi mfululizo.

Ningependa msomaji akitazame kigunduzi kimoja kwa karibu. Katika jaribio la CDMS II, lililofanywa ndani ya mgodi wa zamani wa chuma wa Soudan katika jimbo la Minnesota, Marekani, kigunduzi kilikuwa kisahani kinene cha jemaniamu au silikoni safi, upana wake milimita 76 na unene milimita 10, na kile cha jemaniamu kilikuwa na uzito wa karibu robo kilo. Uso wake mmoja ulipakwa utando mwembamba wa alumini pamoja na maelfu ya vitambuzi vidogo vya tangsteni, vilivyoshikiliwa katika joto lilelile ambapo metali hiyo huanza kupoteza hali yake ya kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Kitu kikigonga kiini cha atomu ndani ya fuwele, mitetemo inayoitwa fononi husambaa hadi kwenye alumini, nishati yake ikaingia katika tangsteni, na ukinzani ukapanda ghafla. Uso wa pili una elektrodi zenye volti chache tu, ambazo hukusanya elektroni zilizong'olewa na mgongano uleule.

Vipimo hivi viwili, mtetemo na umeme, ndivyo vinavyotenganisha pumba na mchele. Mwale wa gama unapogonga elektroni hutoa umeme mwingi, ilhali chembe isiyo na chaji inapogonga kiini cha atomu hutoa takriban theluthi moja tu ya umeme huo kwa mtetemo uliolingana. Mtafiti akilinganisha namba hizo mbili anaweza kuwatoa maelfu kwa maelfu ya wageni wasiohitajika na kubaki na wachache wa kuchunguzwa. Udhaifu uliobaki ni wa matukio yanayotokea usoni kabisa mwa kisahani, ambako baadhi ya umeme hupotea kabla haujakusanywa, hivyo elektroni ya kawaida ikajifanya kuwa kitu kingine. Naomba msomaji aukumbuke udhaifu huo, kwa kuwa nitaurudia.

Kuhusu kwenda chini ya ardhi, sababu ni nyepesi kueleza. Juu ya ardhi, chembe ziitwazo muoni zinazozalishwa na miale ya anga za juu hupita takriban moja kwa dakika katika kila sentimita ya mraba, na zinaweza kuzalisha neutroni ambazo alama yake haitofautiani na ya chembe inayotafutwa. Mwamba huzichuja. Mgodi wa Soudan una kina cha mita 714. Kasoko yetu ya Menengai, ambayo humtia mtu kizunguzungu akisimama ukingoni, haifiki mita 500. Lakini mwamba wenyewe una uraniamu, thoriamu na gesi ya radoni, kwa hiyo kigunduzi huzungushiwa matabaka ya risasi (ile metali nzito), ya shaba safi na ya plastiki ya poliethilini inayopunguza kasi ya neutroni. Hata risasi mpya haifai kuwekwa karibu, kwa sababu ina risasi-210, aina ya risasi inayotoa mionzi, ambayo nusu ya atomu zake huoza kila baada ya miaka 22 hivi. Ndiyo maana jaribio la CUORE katika maabara ya Gran Sasso nchini Italia, ambalo nalo hutumia fuwele zilizogandishwa ingawa kwa swali tofauti la fizikia, lilikingwa kwa risasi iliyoopolewa kutoka merikebu ya Kirumi iliyozama karibu na kisiwa cha Sardinia yapata miaka elfu mbili iliyopita. Watu wanaofika hadi hapo ili wasijidanganye, mimi siwezi kuwaita wabadhirifu.

Sasa nije kwenye kisa ambacho ningetaka kila anayesema kwamba hawakupata kitu akifahamu. Watafiti wa CDMS II walikuwa na utaratibu wa kujifunga macho. Data zote zilizoangukia katika eneo ambamo chembe ya maada ya giza ingetokea zilifichwa hata kwao wenyewe, na masharti yote ya kukubali au kukataa tukio yakawekwa kabla ya kuzifunua, ili asiwepo mtu wa kuyapindisha masharti yapate kupendeza matokeo. Walipozifunua, katika vigunduzi vya jemaniamu walikuta matukio mawili, ya tarehe 5 Agosti na 27 Oktoba mwaka 2007, yenye nishati ya kiloelektronivolti 12.3 na 15.5. Uvumi ulikuwa umekwisha kuenea duniani kwamba ugunduzi mkubwa wa karne unakaribia kutangazwa. Tarehe 17 Desemba 2009 walisimama mbele ya wenzao wakasema walichokiona, kisha wakasema pia kwamba udhaifu ule wa usoni pamoja na vyanzo vingine vya kawaida vilitarajiwa kutoa karibu tukio 0.9, na kwamba uwezekano wa kupata mawili au zaidi kwa bahati tu ulikuwa asilimia 23, yaani karibu mara moja katika kila mara nne. Hawakudai ugunduzi. Walikuwa wametumia miaka wakiingoja siku hiyo, na sifa ya kudumu ilikuwa mlangoni, lakini hesabu yao wenyewe iliwakataza nao wakaitii.

Mwaka 2013 jambo lilijirudia kwa namna ya kushawishi zaidi. Safari hii vigunduzi vya silikoni vya jaribio hilohilo vilitoa matukio matatu wakati ambapo yalitarajiwa chini ya 0.7, na hesabu yao ililingana vizuri na chembe yenye uzito wa karibu mara tisa ya protoni. Wakasema wazi kwamba hilo halitoshi kuitwa ugunduzi. Mwishoni mwa mwaka huohuo jaribio la LUX, lililotumia zenoni, gesi iliyopoozwa hadi ikawa majimaji, katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, halikuona chochote mahali ambapo chembe hiyo ilipaswa kuonekana kwa wingi, na mwaka uliofuata kundi la SuperCDMS, warithi wa CDMS II wenyewe, likitumia vigunduzi bora zaidi palepale Soudan, likafikia uamuzi uleule. Kundi lililoonyesha dalili ndilo lililojenga chombo cha kuikanusha.

Kundi la CRESST, lililoko Gran Sasso, lina historia inayonifurahisha zaidi. Mwaka 2011 lilitangaza matukio 67 katika fuwele zake za tangsteti ya kalsiamu, zaidi ya yale yaliyoweza kuelezwa. Badala ya kuyatetea kwa maneno, watafiti walivishuku vibanio vya metali vilivyoshika fuwele, wakaunda vishikizo vipya, wakapima upya, na kufikia mwaka 2014 ziada ile ilikuwa imetoweka. Miaka mingi kabla ya hapo, kundi hilohilo lilikuwa limesumbuliwa na ishara nyingi zisizo na maelezo katika fuwele za yakuti samawi. Chanzo kilipatikana kuwa ni fuwele zenyewe: zilikuwa zimebanwa sana mahali zilipogusana na vishikizo vyake, zikawa zinapasuka nyufa ndogo mno, na kigunduzi kikasikia kila ufa. Shinikizo lilipoondolewa, ishara zilipungua papo hapo. Lakini data zile hazikutupwa. Mwaka 2006 zilichapishwa kama uchunguzi wa jinsi vitu vinavyopasuka, na ikaonekana kwamba mgawanyo wa nishati za nyufa hizo unafuata kanuni ya aina ileile inayofuatwa na matetemeko ya ardhi. Sisi tunaoishi katika Bonde la Ufa, ambako tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928 bado linatajwa katika kila kitabu cha matetemeko ya Kenya, tungekuwa watu wa mwisho kusema kwamba matokeo hayo si kitu.

Maana halisi ya "hawajaona" ndiyo hii. Kila jaribio lililofanywa kwa uangalifu likakosa kuona chembe, linafuta aina fulani za chembe kutoka katika orodha ya yanayowezekana: chembe yenye uzito wa kiasi hiki, inayogonga kwa wingi wa kiasi hiki, haipo, kwa maana ingekuwepo ingeonekana. Nadharia kadhaa zilizopendwa miaka ya 1990 zimekufa kwa njia hiyo, na nyingine zimebanwa kwenye kona finyu. Jaribio la LZ, linalochunguza tani 7 za zenoni ya majimaji, lilitangaza mwaka 2024 kwamba siku 280 za data hazikuonyesha chembe nzito zilizotafutwa. Kwa sababu hiyo vigunduzi vya fuwele sasa vinaelekezwa kwa chembe nyepesi, ambazo zenoni hupata shida kuzihisi, na kazi hiyo ndiyo iliyokusudiwa kwa vigunduzi 24 vya SuperCDMS katika maabara ya SNOLAB, kilomita mbili chini ya ardhi, ndani ya mgodi wa nikeli karibu na Sudbury, Kanada. Bila miaka hiyo ya kutoona, asingekuwepo mtu wa kujua kwamba inafaa kutafuta upande huo.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili nikiwa mwalimu. Katika maabara za shule zetu mwanafunzi hupewa uzi, kipande cha chuma na saa ya kuhesabu sekunde, akaambiwa apime mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia kwa kutumia pendulamu. Anapata 9.1. Anatazama kushoto na kulia, anafuta, kisha anarudi nyuma kutoka jibu la 9.8 na kubuni vipimo vitakavyolifikisha hapo, akichora grafu ambayo nukta zake zote zimekaa juu ya mstari mnyoofu. Tunaita kupika matokeo, na karibu kila mwalimu wa sayansi ninayemfahamu, kuanzia hapa Nakuru hadi Kisumu na Bungoma, ameliona. Mtoto hafanyi hivyo kwa uovu. Amefundishwa kwamba alama zinafuata jibu lililotarajiwa, na kwamba kutolifikia ni kushindwa, fundisho lilelile ambalo watu wazima hulirudia wanapowacheka watafiti wa maada ya giza. Ningewaomba wanaotunga na kusahihisha mitihani ya vitendo watoe alama za kutosha kwa mwanafunzi anayeandika alichokipima, akakadiria kosa lake na kutaja lilikotoka, hata kama 9.1 imebaki 9.1.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni kuhusu habari zijazo, kwa sababu hapana shaka siku moja itafika taarifa kutoka ng'ambo yenye kichwa kwamba maada ya giza imegunduliwa. Jaribio la DAMA nchini Italia limekuwa likidai hivyo tangu miaka ya 1990, kwa msingi wa ishara inayopanda na kushuka kila mwaka na kufikia kilele mwanzoni mwa Juni. Majaribio ya ANAIS nchini Uhispania na COSINE-100 nchini Korea Kusini, yanayotumia fuwele za aina ileile inayotumiwa na DAMA, hayakuiona ishara hiyo, na jaribio la COSINUS limebuniwa kuzipima fuwele hizo zikiwa zimegandishwa ili swali hilo likatwe kabisa. Taarifa ya namna hiyo ikifika mezani pako, naomba mwandishi wako asiichapishe kabla ya kutafuta na kuwaandikia wasomaji mambo matatu: matukio mangapi yalitarajiwa kutoka kwa vyanzo vya kawaida, iwapo masharti ya hesabu yaliwekwa kabla data hazijafunuliwa, na ni kundi gani lingine lenye chombo tofauti limeona jambo hilohilo. Na majaribio ya Sudbury yakimaliza mzunguko wake wa kwanza bila kuona chembe, naomba habari hiyo nayo ipewe nafasi katika ukurasa uleule, ikieleza ni chembe za uzito gani zilizofutwa katika orodha.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Fizikia,
Nakuru